UZI: Tiba ya frikwensi (masafa), magonjwa ambayo inasaidia kweli na yale ambayo unauziwa namba tu

Wakuu salaam. Naanzisha huu uzi kwa sababu mambo ya tiba ya frikwensi yamekuwa mengi mno na watu wanayachanganya, na kwenye kuchanganya huko kuna wagonjwa wanaacha dawa. Mtu anakwambia kuna mashine unashika vyuma viwili mkononi inakutibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, bawasiri, uvimbe kwenye kizazi, kifafa, ukimwi mpaka kansa, mashine hiyohiyo moja, wanachobadilisha ni namba tu. Halafu kuna mwingine akisikia hivyo anasema frikwensi zote ni utapeli, nae hayuko sawa, maana hospitali zina vifaa vingi vinavyotibu kwa frikwensi na vingine vinarudisha watu kwenye maisha yao kabisa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Kwanza frikwensi yenyewe ni nini. Ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, basi. Kitu kikitetemeka mara 50 kwa sekunde tunasema hezi 50. Hiyo namba haikwambii kinachotetemeka ni nini wala kinatetemeka kwa nguvu kiasi gani. Sauti ina frikwensi, umeme unao, mwanga, sumaku, mawimbi ya redio, vyote vinayo. Kwa hiyo mtu akikwambia "hezi 528 inatibu" muulize hezi 528 ya nini? Ya sauti kwenye spika au ya umeme unaopita kwenye ngozi? Nguvu yake kiasi gani, inafika wapi mwilini, kwa muda gani, na kwa ugonjwa upi? Kutaja namba peke yake ni sawa na daktari akwambie kameze kidonge cheupe halafu aishie hapo hapo.

Sasa tuanze na vile vinavyofanya kazi.

Kilicho karibu na watu wengi ni TENS, kale kakasha kadogo kenye waya na vibandiko vya kunata. Kanapitisha umeme mdogo kwenye ngozi kwa ajili ya maumivu. Maelezo yake yametoka kwenye nadharia ya Ronald Melzack na Patrick Wall ya mwaka 1965, kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango, neva nene za kuhisi mguso zikichangamka sana zile nyembamba zinazobeba maumivu zinapata shida kupitisha ujumbe wake. Ndo maana ukijigonga mkono unaenda wenyewe kusugua. Mara nyingi kanawekwa hezi 80 mpaka 120 kwa ule msisimko wa kawaida, au unashuka chini kabisa kwenye hezi 2 hadi 4 ambapo msuli unaanza kurukaruka, na hapo mwili unatoa zile kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Unaona hapo frikwensi ina maana, ukibadilisha namba kitu kingine kinatokea mwilini na kinapimika.

Tuseme ni goti. Unasafisha ngozi iwe kavu haina mafuta wala kidonda, unabandika kimoja juu ya goti kimoja chini au pande zote mbili za panapouma, unapandisha nguvu polepole mpaka usikie msisimko mkali ambao hauumi. Watu wengi wanakosea hapa, wanaiacha kwenye nguvu ndogo kabisa ambayo hata hawaisikii halafu wanasema haifanyi kazi. Baada ya dakika chache mwili unazoea, unapandisha tena kidogo. Maumivu yanatulia wakati imewashwa na pengine muda kidogo baada ya hapo. Goti lililolika linabaki limelika, ila mtu akipata nafuu anaweza kufanya mazoezi, na mazoezi ndo yanalisaidia goti. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiguse hii bila daktari wake, wala usibandike mbele ya shingo, wala kwenye tumbo la mjamzito.

Kuna ultrasaundi ya fiziotherapi, ile ya jeli na kichwa kinachozungushwa juu ya ngozi. Megahezi 1 (hezi milioni moja) inaingia ndani zaidi, megahezi 3 inaishia juu juu. Hii niseme ukweli ingawa nitawaudhi baadhi ya watu wa fani, ushahidi wake kwa maumivu mengi ya misuli na viungo ni dhaifu, imetumika miaka mingi kuliko ilivyothibitishwa. Ukipewa hiyo peke yake bila mazoezi unapunjwa.

Mifupa iliyovunjika ikagoma kuunga, kuna sumaku ya kuwaka na kuzima kwa mapigo, Marekani mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba FDA iliikubali mwaka 1979 kwa kazi hiyo. Kwa kazi hiyo, narudia. Leo unakuta godoro la sumaku linauzwa kwa kila ugonjwa na muuzaji anakwambia "imepitishwa". Imepitishwa kwa kipi? Mfupa uliogoma kuunga haukupi ruhusa ya kutibu ini.

Kwenye ubongo ndo patamu. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid alikuwa anafanya upasuaji wa kuunguza sehemu ndogo ya ubongo kwa watu wanaotetemeka mikono. Kabla ya kuunguza ilikuwa lazima wajaribu kwa umeme kuhakikisha sindano imekaa penyewe, mgonjwa yuko macho. Frikwensi ya chini haikusaidia, walipofika kama hezi 100 mtetemeko ukasimama, wakizima unarudi. Kutokana na hapo badala ya kuunguza wakaanza kuacha waya mle ndani na betri chini ya ngozi ya kifua. Leo wagonjwa wengi wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka) wenye hicho kifaa wamewekewa karibu na hezi 130. Mtu aliyekuwa hawezi kushika kikombe anashika. Ila haizuii ugonjwa wenyewe kuendelea, na ni upasuaji wa ubongo wenye hatari zake.

Sonona iliyogoma dawa nayo ina sumaku ya kuwekwa kichwani, Anthony Barker na wenzake walionyesha huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985 kwamba sumaku inaweza kuamsha ubongo kutoka nje bila kupasua, mwaka 2008 ikakubaliwa Marekani kwa sonona. Hezi 10 upande wa kushoto mbele inachangamsha, hezi 1 inatuliza. Kifafa kisichosikia dawa kuna kichangamshi cha neva ya vagasi (neva ndefu inayotoka kwenye ubongo) shingoni, kimekubaliwa tangu 1997, kinapunguza idadi ya degedege kwa baadhi ya watu na dawa wanaendelea nazo.

Tuje kwenye kansa, maana maswali mengi yako huku na pesa nyingi za watu zinapotelea huku.

Kuna tiba halali ya kansa kwa frikwensi, tena ya umeme. Ni ya glioblastoma, kansa mbaya sana ya ubongo. Mgonjwa ananyoa nywele, anabandikwa vibandiko kichwani vinavyopitisha uwanja wa umeme wa kilohezi 200 (hezi laki mbili), seli zinazojigawanya zinavurugika wakati wa kugawanyika. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 ulikuwa na wagonjwa 695. Waliopata dawa ya kawaida peke yake waliishi wastani wa miezi 16, waliopata dawa pamoja na kifaa karibu miezi 21. Soma hapo tena taratibu. Miezi mitano hivi, kwa kubeba kifaa angalau masaa 18 kila siku, juu ya dawa na baada ya upasuaji na mionzi. Hiyo ndo sura ya tiba ya kweli ya frikwensi kwa kansa, inasaidia kwa kiasi kinachopimika, ina kazi nzito, na wanaoitoa hawakwambii uache mengine. Mtu anayekuahidi kumaliza kansa yoyote kwa nusu saa mara mbili kwa wiki anakuahidi kitu ambacho hakuna hospitali duniani inacho.

Kuna nyingine ya kuunguza uvimbe mdogo kwenye ini kwa mawimbi ya redio, sindano inaingia mpaka kwenye uvimbe na joto linaua. Hapo anayetibu ni joto, frikwensi ni njia ya kulileta.

Na kuna ambayo watetezi wa mashine wanapenda kuitaja, nami naitaja maana sitaki kuficha kitu. Ni kifaa cha kansa ya ini iliyofika mbali, mgonjwa anaweka kijiko cha chuma mdomoni, mawimbi ya redio ya megahezi 27.12 yanayobebeshwa frikwensi ndogondogo, saa moja mara tatu kwa siku. Utafiti wa mwanzo ulikuwa na wagonjwa 41 na hakukuwa na kundi la kulinganisha, baadhi yao ugonjwa ulisimama miezi kadhaa. Mwaka 2023 FDA wakakiruhusu kwa njia maalum ya magonjwa ya watu wachache ambayo haidai uthibitisho kamili kwamba kinatibu, inadai kiwe salama na kuna uwezekano wa kusaidia. Mimi hili naliheshimu, wamechukua kansa moja, wakahesabu, wakaandika, wakapeleka kukaguliwa. Ndo njia yenyewe. Ila kutoka hapo kwenda kwenye mashine ya orodha ya magonjwa mia ni mbali sana.

Sasa hiyo orodha imetoka wapi? Inaanza na Albert Abrams, daktari wa San Francisco aliyefariki 1924. Alidai kila ugonjwa una mtetemo wake na anaweza kuupima kwenye tone la damu kwenye karatasi, na ana boksi la kuutibu. Maboksi alikuwa anakodisha kwa sharti kwamba usiyafungue. Kuna waliompelekea damu ya kuku akarudisha majibu ya magonjwa ya binadamu. Jarida la Scientific American lilichunguza mwaka 1923 na 1924 wakasema hakuna kitu.

Akafuata Royal Rife wa San Diego, miaka ya 1930, huyu ndo jina lake liko kwenye mashine nyingi mpaka leo. Alidai darubini yake inaona virusi vya kansa vikiwa hai na kila kijidudu kina frikwensi ya kukipasua. Hakuna maabara nyingine iliyoweza kurudia alichodai. Na mwaka 2009 huko huko San Diego mahakama ilimtia hatiani muuzaji wa mashine za aina hiyo. Mwaka huohuo akafariki Hulda Clark, mama aliyeuza kifaa kidogo cha betri na kuandika kwamba kansa zote zinaletwa na mnyoo na kwamba umeme mdogo unaua huo mnyoo. Alikufa kwa kansa ya uboho. Simcheki, nae alikuwa mtu na alikuwa na familia, ila wanaouza kifaa chake hawasemi alikufa na nini.

Hoja yao kubwa ni ile ya mwimbaji kuvunja glasi kwa sauti, yaani ukipata frikwensi ya kijidudu kinapasuka. Glasi inavunjika kweli, lakini ni kavu, ngumu na ukiigonga inalia kwa muda. Bakteria yuko kwenye maji maji na mwenyewe ni laini, mtetemo unazimika hapohapo. Tena piga hesabu. Namba moja maarufu kwenye hizo mashine ni hezi 880. Sauti kwenye maji inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, gawa kwa 880, wimbi moja linapata urefu wa mita 1.7, yaani kimo cha mtu mzima. Bakteria ana urefu wa kama sehemu moja au mbili kati ya elfu za milimita. Wimbi la urefu wa mtu halimjui bakteria mmoja mmoja, ungehitaji mamia ya megahezi ili wimbi likaribie kimo chake. Ukisema sio sauti ni umeme, umeme wa frikwensi hizo za chini unapita pembeni ya seli kwa sababu utando wa seli unauzuia, ndo maana ile ya kansa ya ubongo iko kwenye hezi laki mbili na sio 880. Halafu mashine inajuaje kupasua wa ugonjwa ikaacha wale wa tumboni tunaowahitaji?

TUENDELEE. Nimeona maswali, najibu.

Aliyeuliza kuhusu ile mashine ya kushika chuma dakika moja inatoa ripoti ya mwili mzima, kurasa kibao, figo, ini, mifupa, vitamini, nyongo. Mkuu, kabla ya kuanza ile programu inakuuliza umri, jinsia, urefu na uzito. Fanya hivi, pima, kaa kidogo, pima tena bila kumwambia mwenye mashine kwamba unalinganisha. Halafu omba ndugu yako apime kwa taarifa zako. Weka ripoti tatu mezani uzisome mstari kwa mstari. Kipimo cha damu ukirudia ndani ya saa moja sukari haiwezi kukurukia kutoka nzima kwenda mbovu kwenda nzima. Na chuma cha mkononi hakina njia ya kujua kiwango cha vitamini D, hicho kinapimwa kwenye damu. Kinachoniuma ni kwamba hizo ripoti zinaishia kwenye orodha ya virutubisho ambavyo kwa bahati vinauzwa mlango huohuo.

Kuhusu sauti za hezi 528 za kurekebisha vinasaba. Hakuna sauti ya spika inayorekebisha vinasaba vya mtu. Muziki wenyewe unasaidia, tafiti nyingi zinaonyesha unapunguza wasiwasi kwa mtu anayesubiri upasuaji, kwa hiyo kama unausikiliza unalala vizuri sikiliza tu. Ile ya hezi 40 kwa ugonjwa wa kusahau ni kitu kingine, hiyo ni kazi ya Li-Huei Tsai na wenzake wa chuo cha MIT cha Marekani, mwaka 2016 walionyesha mwanga wa kuwaka mara 40 kwa sekunde unapunguza uchafu wa Alzheimer kwenye ubongo wa panya. Kwa binadamu majaribio yanaendelea. Usimnunulie mzee taa ya kumulika ukadhani umemaliza, na kwa mwenye kifafa taa za hivyo zinaweza kumuangusha.

Presha. Hapa nina habari nzuri kidogo, mwishoni mwa 2023 Marekani walikubali vifaa viwili, kimoja cha mawimbi ya redio kingine cha ultrasaundi, vinapitishwa kwa mrija kutoka mshipa wa pajani mpaka mishipa ya figo, vinaunguza neva za pale. Presha inashuka kiasi, wengi wanaendelea na vidonge. Ya kushika vyuma haifanyi hivyo. Unalala nusu saa kimya chumba kimetulia, ukipimwa baada ya hapo lazima ishuke kwa sababu ulipumzika, kesho asubuhi imerudi palepale.

Uvimbe kwenye kizazi, fibroidi. Ipo ultrasaundi iliyokusanywa pamoja kama jua kwenye kioo inayouchoma kutoka nje mgonjwa akiwa ndani ya mashine ya MRI (inayopiga picha za ndani ya mwili), ilikubaliwa 2004 Marekani. Haifai kila uvimbe, inategemea ukubwa na ulipokaa, na anayetaka kuzaa baadae aongee vizuri na daktari wake kwanza.

Vidonda vya tumbo vya yule bakteria H. pylori, dawa zake zipo, mchanganyiko wa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi siku 14, halafu unapimwa tena kuhakikisha ameisha. Aliyetumia mashine akasema amepona nae akapime tena, kipimo cha pumzi au choo hakina upande.

VVU. Hapa siongei sana. Hakuna frikwensi inayoondoa VVU. Ukiacha ARV virusi vinarudi juu ndani ya wiki chache hata kama vilikuwa havionekani kabisa kwenye kipimo, na unajisikia mzima wakati vinapanda, hilo ndo linalodanganya.

"Mbona jirani yangu alipona mgongo?" Inawezekana kabisa na sisemi anadanganya. Maumivu ya mgongo yanapanda na kushuka, na mtu anaenda kutafuta tiba siku yakiwa juu kabisa, kwa hiyo baada ya hapo chochote utakachofanya yatashuka. Ongeza mtu aliyemsikiliza saa nzima bila haraka, akamshika, akampa matumaini. Watoa huduma wetu wa hospitali walichukue hilo, mgonjwa anapewa dakika chache hajamaliza hata sentensi, unategemea aende wapi?

Dada uliyeandika kwamba mama ana sukari ya kuchoma sindano na wiki hii wamemwambia aache insulini maana kongosho "limeamshwa", hilo lako sio la kujadili humu. Kama ni ile sukari ya kutegemea insulini, kuacha kunaweza kumuua ndani ya siku chache. Mpime sukari sasa hivi. Ukiona kiu kali, anakojoa sana, anatapika, tumbo linauma, anahema haraka haraka au pumzi ina harufu ya matunda, mpelekeni hospitali leo hii hata kama ni usiku, na muwaambie wazi kwamba aliacha insulini na tangu lini, msione aibu. Mashine msimnyang'anye kwa ugomvi maana atajificha, mwambieni tu aendelee kushika vyuma vyake kama vinampa raha ila sindano irudi kwa kipimo atakachopewa na daktari. Ukipata nafasi rudi utuambie anaendeleaje.